Jani Jeupe Halipiki

Krotoni yangu ya kwanza, kile kichaka cha bustani kinachopendwa kwa majani yake ya rangi, haikunyauka, haikuoza mizizi, wala haikushambuliwa na wadudu. Iligeuka kijani, basi. Nilipoitoa kitaluni ilikuwa na majani ya manjano, ya rangi ya chungwa na mekundu ya kuiva, hakuna mawili yaliyofanana. Nikaipanda nyuma ya nyumba, kwenye kona iliyobanwa kati ya ukuta na tangi la maji, kwa sababu kona ile ilikuwa na sura ya huzuni na nilitaka kitu cha kuichangamsha. Wiki ya pili ikaangusha nusu ya majani yake. Nikajiambia ni uchovu wa kuhama, na kweli krotoni zina tabia hiyo: ukizihamisha zinasusa. Lakini miezi sita baadaye ilikuwa imejaa majani mapya, mapana, yenye afya, yote ya kijani, na mishipa ya manjano iliyofifia kama wino kwenye barua ya zamani.

Shangazi yangu, ambaye bustani yake ndiyo iliyoniambukiza ugonjwa huu wa kupanda, alikuja kunitembelea akasimama mbele ya kona ile kimya.

"Shangazi, labda inataka mbolea," nikasema.

"Mwanangu, mti wenye njaa haujipambi. Na njaa yake si ya mbolea."

Akaingia ndani, akaniacha na krotoni yangu.

Miaka imepita, nimeua vichaka kadhaa na kuokoa vichache, na hadi leo sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Jani ni jiko la mmea. Humo ndani mna klorofili, ile rangi ya kijani, ambayo kazi yake ni kunasa mwanga ili mmea upate kujitengenezea chakula. Sehemu ya jani iliyo nyeupe haina klorofili, kwa hiyo haipiki chochote. Inalishwa na sehemu za kijani zilizo jirani nayo. Sehemu ya manjano mara nyingi inayo kidogo. Sehemu nyekundu au ya zambarau kwa kawaida inayo ya kutosha, ila imefichwa nyuma ya rangi nyingine iitwayo anthosianini, kama jiko lililowekewa pazia. Ukichagua kichaka cha majani ya rangi, basi, umechagua mmea uliopunguza majiko yake au uliofunga mapazia. Unaishi kwa kipato kidogo kuliko ndugu yake wa kijani, na karibu kila jambo utakalolazimika kuufanyia linatokana na hilo.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu vichaka tunavyoviita vya kijani mwaka mzima, maana hivi vya rangi ninavyovieleza ni vya kundi hilo. Watu wengi hudhani havipukutishi majani. Vinapukutisha, ila havipukutishi yote kwa wakati mmoja. Jani linaweza kukaa mwaka mmoja, miwili, mitatu au zaidi kutegemea aina, kisha linageuka manjano na kuanguka kimyakimya huku mengine yakishika nafasi. Ukiona majani machache ya ndani, ya chini, yamekuwa manjano, usikimbilie dawa. Yakianza kuwa manjano yale machanga ya juu, hapo ndipo pa kuinama na kuangalia vizuri, na nitarudi kwenye hilo.

Tuanze na weupe, kwa sababu ndio unaowadanganya watu zaidi. Mtu anasikia kwamba kichaka cha majani yenye mabaka meupe kina njaa ya mwanga, anakipeleka kwenye jua la mchana, na baada ya siku kumi sehemu zote nyeupe zimekuwa za kahawia, zimekauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Sehemu isiyo na klorofili haina pia kinga ya kutosha dhidi ya jua kali. Vichaka vya namna hii vinataka mwanga mwingi usiochoma: jua la asubuhi, au kivuli chepesi cha mti mrefu ambao mwanga unachuja kati ya majani yake. Aukuba ni mfano mzuri kwa wanaoishi kwenye baridi. Ni kichaka cha Asia ya Mashariki chenye majani mazito yaliyonyunyiziwa madoa ya manjano, na kinavumilia kivuli ambacho vichaka vingine vya rangi vingekikimbia. Aukuba ya madoa ilifika Uingereza mwaka 1783 ikapendwa sana, lakini kwa miongo mingi haikuzaa hata tunda moja jekundu, kwa sababu mimea yote iliyokuwepo ilikuwa ya kike. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1860, Robert Fortune, mkusanyaji wa mimea kutoka Scotland, alipoleta mmea wa kiume kutoka Japani. Ukitaka matunda kwenye aukuba au kwenye holi, kichaka kingine cha nchi za baridi, uliza jinsia kabla ya kulipa, na usiulize lebo: holi iitwayo Golden King, yaani Mfalme wa Dhahabu, ni ya kike, na Golden Queen, Malkia wa Dhahabu, ni ya kiume. Aliyezipa majina hayo sijui alikuwa na haraka gani.

Vichaka vya dhahabu, kama duranta ya manjano, vina tabia nyingine. Juani vinang'aa, kivulini vinageuka kijani cha ndimu, na gizani vinakuwa kijani cha kawaida kabisa. Hakuna ubaya hapo. Mmea umeona mwanga umepungua, ukaongeza majiko. Mimi nina duranta mbili zilizotokana na mche mmoja. Moja iko mbele ya lango na nyingine iko chini ya mti, na mgeni hawezi kuamini kwamba ni ndugu.

Nyekundu na zambarau ndizo zinazodai jua zaidi. Akalifa, yenye majani ya shaba na waridi yaliyochanganyika, loropetalamu ya zambarau kutoka China, kodilaini, na krotoni yenyewe. Kwa mingi ya mimea hii anthosianini hutengenezwa kwa wingi pale jua linapokuwa kali, kama mtu anavyojifunika kitambaa kichwani mchana. Hakuna jua, hakuna haja ya kitambaa. Chungulia ndani ya loropetalamu iliyokomaa, kule kwenye kivuli cha matawi yake yenyewe, utakuta majani ya zamani yamerudi kwenye kijani cha zeituni wakati ncha za nje bado ni za zambarau iliyokolea. Mmea mmoja, mwanga wa aina mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kwenda kitaluni si "ninapenda rangi gani?" Shangazi alinifundisha kuchukua kiti. Unakiweka mahali hasa unapotaka kupanda, unachagua siku isiyo na mawingu, na unarudi pale kila saa kuangalia kama jua limefika. Unaandika. Saa sita au zaidi za jua la moja kwa moja, una ruhusa ya nyekundu na zambarau. Saa tatu hadi tano, hasa za asubuhi, fikiria dhahabu na zile zenye mabaka. Chini ya hapo, aukuba na wenzake, au ukubali kijani. Nilidhani ni mchezo wa wazee hadi nilipofanya hivyo kwenye bustani yangu mwenyewe na kugundua kwamba sehemu niliyokuwa naiita "ya juani" ilipata saa mbili na nusu tu, kwa sababu ya ukuta wa jirani. Ukumbuke pia kwamba njia ya jua hubadilika kadiri miezi inavyokwenda, na kadiri unavyoishi mbali na ikweta ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa.

Halafu kuna bogenvilia, ambayo ilinipa nafasi ya kumbishia shangazi.

Yangu niliipenda kupita kiasi. Maji kila jioni, samadi kila mwezi. Ikarefuka ikapita dirisha, ikatoa matawi manene ya kijani yenye miiba ya kulipiza kisasi, na hakukuwa na hata doa moja la rangi. Kisha nikasafiri wiki tano za kiangazi na aliyeahidi kuimwagilia akasahau. Niliporudi nilidhani nimeingia kwenye nyumba ya mtu mwingine: ukuta mzima ulikuwa wa zambarau. Mbolea yenye naitrojeni nyingi pamoja na maji mengi huifanya bogenvilia ikazane kurefuka. Kiu kidogo na jua la kutosha ndivyo vinavyoisukuma kutoa rangi. Na rangi ile si ya petali. Ni majani yaliyobadilika, membamba kama karatasi, kwa kawaida matatu pamoja, na maua yenyewe ni vile vijineli vidogo vyeupe vilivyoegemea katikati. Hata kemia yake ni tofauti na ya krotoni: bogenvilia haitumii anthosianini, inatumia betalaini, kundi lilelile la rangi linaloifanya bitiruti iwe nyekundu.

"Shangazi, mbona huyu ana njaa na anajipamba?" nikamuuliza kwa simu.

Akacheka. "Huyo hajipambi, mwanangu. Huyo anadhani anakufa, anaita watu."

Jina la bogenvilia limetoka kwa Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyeongoza msafara wa meli kuizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, aliukusanya mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa mavazi ya kiume ili apate kupanda meli, na wapo wanaoamini kwamba ndiye aliyeuchuma kwa mkono wake, maana Commerson alikuwa akiumwa mguu. Jina likaenda kwa kiongozi wa safari. Kila ninapochomwa na miiba ya mmea ule namkumbuka Baret, aliyekuwa anabebeshwa mizigo ya sampuli.

Kuna vichaka vingine ambavyo rangi yake unaitengeneza kwa mkasi. Fotinia ni mfano unaojulikana zaidi. Majani yake yaliyokomaa ni ya kijani kilichokolea, yanang'aa, hayana habari. Machipukizi yake ndiyo mekundu kama yamepakwa rangi ya kucha. Jani changa bado halijakamilisha majiko yake, kwa hiyo linajikinga na jua kwa anthosianini hadi litakapokuwa tayari, kisha wekundu unayeyuka. Ukipogoa ncha, mmea unachipua upya, na wiki chache baadaye una wekundu tena. Pierisi hufanya hivyohivyo kwenye nchi za baridi, lakini yeye anabeba maua pia, na ukimpogoa wakati usiofaa unayakata maua ya mwaka ujao kabla hayajafunguka. Kanuni ninayoifuata: kinachochanua kwenye matawi ya zamani nakipogoa mara tu maua yanapoisha, kinachochanua kwenye machipukizi mapya, kama bogenvilia, nakipogoa kabla ya msimu wa kukua. Na fotinia usiipogoe kila unapopata nafasi kwa sababu tu unapenda wekundu. Inashambuliwa na ugonjwa wa ukungu unaotia majani madoa, na majani machanga yaliyolowa maji ndiyo mlango wake. Mwagilia chini, usinyunyize juu, na uache hewa ipite kati ya kichaka na kichaka.

Sasa nije kwenye jambo linalowakera watu wengi wenye vichaka vya mabaka: tawi la kijani.

Unaamka asubuhi moja na katikati ya duranta yako yenye kingo nyeupe kuna tawi limesimama wima, refu kuliko mengine, la kijani mwanzo hadi mwisho. Linapendeza kwa nguvu zake, na hapo ndipo kosa linapoanza. Vichaka vingi vya mabaka ni mwili mmoja wenye seli za aina mbili zilizopangana kwa tabaka kwenye ncha inayokua: tabaka moja linaweza kutengeneza klorofili, jingine haliwezi. Mpangilio ule ukivurugika kwenye chipukizi moja, tabaka la kijani linaweza kuchukua tawi zima. Na kwa kuwa tawi hilo lina majiko kila mahali, linakula vizuri, linakua haraka na kuwafunika wenzake. Mimi nililiacha tawi kama hilo msimu mmoja kwa uvivu. Msimu wa pili theluthi ya kichaka ilikuwa ya kijani. Wa tatu nililazimika kukikata karibu na ardhi na kuomba. Dawa yake ni kulifuata tawi hadi linapoanzia na kulikata pale pale, siku ileile uliyoliona. Usikate ncha tu, maana litatoa matawi mengine ya kijani manne. Wakati mwingine hutokea kinyume chake, linatoka tawi jeupe tupu. Hilo nalo likate. Ni zuri kwa picha, lakini halijilishi.

Kwa sababu hiyohiyo ya tabaka, mbegu za kichaka cha mabaka kwa kawaida huzaa miche ya kijani. Mtu akikuuzia mbegu za kichaka cha mabaka akikuahidi mabaka, mshukuru na uendelee na safari. Kipande cha shina ndicho kinachobeba mpangilio. Ila yapo mabaka yasiyotokana na tabaka hata kidogo: aina moja ya abutiloni, kichaka cha maua, inayopendwa kwa madoa yake ya manjano imeyapata kutoka kwa kirusi. Ni ugonjwa uliogeuka kuwa pambo, na mmea unaishi nao miaka.

Habari ya kupanda nitaipita haraka kwa sababu haina siri. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya udongo uliomo kwenye kiriba na kina kilekile, si zaidi. Mche ukizama chini ya kiwango chake cha zamani shina huoza. Kama mizizi imezunguka ndani ya kiriba kama kamba, ifungue kwa vidole au uikate kwa kisu, vinginevyo itaendelea kuzunguka hata ardhini. Kabla ya hayo, jaribu udongo: shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena uangalie. Maji yakishuka sentimita mbili au tatu kwa saa, uko salama. Yakikaa hadi kesho yake, tafuta mahali pengine au inua tuta. Weka matandazo unene wa sentimita tano hadi nane, yasiguse shina. Mwaka wa kwanza mwagilia kwa nafasi lakini maji yafike chini, kwa sababu kichaka cha kijani mwaka mzima hakina msimu wa kulala bila majani. Kinapoteza maji mwaka mzima. Ukubwa uchukue kwa uzito pia. Mche wa magoti leo unaweza kuwa na upana wa mita mbili baada ya miaka kumi, na ukiupanda sentimita 40 kutoka ukutani utautumikia kwa mkasi maisha yako yote.

Niliahidi kurudi kwenye majani machanga ya manjano. Loropetalamu yangu, niliyoipanda kando ya ukuta mpya, ilitoa machipukizi yaliyopauka, mishipa ikiwa bado na rangi na nafasi kati ya mishipa ikiwa ya manjano. Nikaongeza mbolea, haikusaidia. Tatizo lilikuwa ukuta. Saruji na chokaa huchuruzika na mvua na kupunguza tindikali ya udongo, na udongo ukipoteza tindikali, madini ya chuma huganda kwa namna ambayo mizizi haiwezi kuyachukua. Chuma kinaweza kuwepo tele ardhini na mmea ukakikosa. Loropetalamu, iksora, gadenia na azalia zote ni za kundi hilo linalotaka udongo wenye tindikali kidogo. Niliihamisha mita mbili kutoka ukutani, nikaichanganyia mboji nyingi ya majani, na machipukizi yaliyofuata yakatoka na rangi yake.

Na wadudu. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina kwa nidhamu ya askari, usiwalaumu wao kwanza. Geuza majani. Utakuta vidung'ata vyeupe kama pamba, au vidugamba, wananyonya utomvu na kuachia majimaji matamu ambayo sisimizi wanayafuata, na kwa kuyafuata wanawalinda wanyonyaji dhidi ya maadui zao. Majimaji hayo yakidondokea majani ya chini huota ukungu mweusi kama masizi. Kwa mmea wa kijani ni kero. Kwa mmea ambao tayari una majiko machache ni msiba, kwa kuwa masizi yanazuia ule mwanga mdogo unaopatikana. Maji yenye sabuni laini kidogo, yapulizwe jioni chini ya majani, yarudiwe baada ya wiki. Jaribu kwanza kwenye majani mawili matatu. Krotoni hasa hukaribisha pia utitiri hewa ikiwa kavu, na hao huwezi kuwaona vizuri hadi utando mwembamba utokee kati ya majani.

Kuhusu sumu nitasema bila kuzunguka, kwa sababu vitalu vingi havisemi. Oleanda ina sumu kwenye kila sehemu yake, na haifai hata kuchomwa, maana moshi wake una madhara. Kama una watoto wadogo au mifugo inayotembea, mimi nisingeipanda. Matunda ya duranta, yale mazuri ya dhahabu, si ya kuliwa. Utomvu wa krotoni unawasha ngozi na kutia madoa ya kudumu kwenye nguo. Nandina, kichaka kizuri cha Asia ambacho baridi hukigeuza chekundu, ina matunda yenye kemikali zinazotoa sianidi: mwaka 2009 huko Georgia, Marekani, kundi la ndege walioyala kwa pupa walikutwa wamekufa. Ukiwa nayo, kata vishada vya matunda kabla havijaiva. Na lantana, pamoja na rangi zake zote, ni mhamiaji kutoka Amerika ya kitropiki aliyevamia malisho na misitu katika nchi nyingi, na inaua mifugo. Ya kwangu niling'oa. Bado inachipua.

Mpangilio ni suala la macho ya mtu, na macho yangu yalinichelewesha. Nilinunua kimoja cha kila rangi, nikavipanga mstari mmoja, na bustani ikawa kama kikao ambacho wote wanasema kwa pamoja. Shangazi alipoiona aliuliza kama nimefungua kitalu. Leo kwa kila kichaka kimoja cha rangi nina vitatu vya kijani cha kawaida, na nimeona kwamba krotoni moja mbele ya ukuta wa majani ya kijani inaonekana kuliko krotoni tano zilizosongamana. Zambarau iliyokolea, ukiiweka kivulini au mbali, inaonekana kama shimo. Iweke karibu, juani, na kitu cha manjano nyuma yake. Nyeupe inafanya kazi jioni, wakati nyekundu imeshazama gizani. Kama unakaa nje baada ya kazi, na mchana wote haupo nyumbani, basi nyekundu unawapandia majirani.

Krotoni ile ya kona niliihamisha. Sikuitupa moja kwa moja kwenye jua, kwa kuwa majani yaliyokulia gizani huungua. Niliitia kwenye chungu, nikaisogeza hatua kwa hatua kwa mwezi mzima. Kisha nikaikata hadi kimo cha goti, juu kidogo ya kifundo cha shina, nikangoja. Majani ya zamani yaliyobaki hayakubadilika sana. Mapya yalitoka ya kijani na manjano, na kadiri yalivyokomaa wekundu ukaingia kutoka kwenye mshipa wa kati kwenda pembeni. Vipande nilivyokata, vya sentimita 15 hivi, nilivipunguza majani, nikaacha utomvu ukauke, nikavichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, nikavifunika mfuko wa plastiki mahali pasipo na jua kali. Kati ya vinane, vitano vilishika mizizi ndani ya wiki sita. Viwili nilimpa shangazi, akavipanda bila kuniuliza chochote.

Kona ya tangi bado iko wazi. Jana nilipeleka kiti pale, na daftari. Jua lilifika saa tatu asubuhi, likaondoka saa saba. Leo kuna mawingu, kwa hiyo haihesabiki. Nafikiria duranta ya dhahabu, au aukuba kama moyo utakubali, na sijaenda kitaluni bado. Kiti kitabaki pale wiki hii yote.